«Abiria alipanda gari»: niandike got on au got into?

Dada mmoja anayefanya kazi kwa dalali wa bima jijini Mwanza ameniletea swali. Kazi yake ni kuwasikiliza watu waliopata ajali wakijieleza kwa Kiswahili, kisha kuyaandika maelezo yao kwa Kiingereza yapelekwe kampuni ya bima. Juzi mwanasheria alimrudishia karatasi moja iliyoandikwa hivi:

"The claimant got on the car at Igoma. At Buzuruga the conductor dropped him. While getting off from the car, a motorcycle hit him. The driver got off and ran away."

Pembeni mwanasheria ameandika kwa wino mwekundu kwamba haieleweki mtu alikuwa wapi. Dada anasema gari lenyewe lilikuwa Hiace ya abiria, na kwamba kila neno alilotumia lipo kwenye kamusi. Anauliza mambo mawili: kosa liko wapi, na je, aachane kabisa na "get" aandike "board" na "alight"?

Jibu

Dada yangu, Kiingereza chako si kibaya. Sentensi zako ni Kiswahili safi kilichovishwa maneno ya Kiingereza, na mimi niliyetafsiri maelezo ya mashahidi na madai ya bima kwa miaka mingi nimezikuta za namna hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mwanasheria wako ana haki ya kulalamika. Kwenye karatasi ile mtu mmoja yuko juu ya paa la gari, kisha konda anamwachia aanguke, kisha pikipiki inateremka kutoka garini, na mwisho haijulikani aliyekimbia ni nani. Wewe hukukusudia hata moja kati ya hayo. Twende polepole.

Sisi mwendo tunaufungia ndani ya kitenzi. Ingia, toka, panda, shuka, vuka, pita, zunguka, rudi: kila kimoja kinajua kinakoelekea. Ukisema "alishuka", umemaliza. Mwingereza kazi hiyo anampa mtu mwingine. Kitenzi chake "get" hakina upande wowote. Peke yake hakikuambii kama mtu alikwenda juu, chini, ndani au nje. Upande unabebwa na kijineno kinachofuata: in, on, off, out, up, down. Angalia jinsi tunavyosema "alitoka mbio". Kwetu "toka" ndiyo nguzo, na "mbio" ni namna tu ya kutoka. Mwingereza anaandika "he ran out": nguzo yake ni kukimbia, na kutoka kumejificha kwenye "out". Mwanaisimu wa Marekani Leonard Talmy aliueleza mgawanyiko huu katika miaka ya 1980. Alionyesha kuwa ziko lugha, Kihispania mojawapo, zinazoweka njia ya mwendo kwenye kitenzi, na ziko nyingine, kama Kiingereza na Kijerumani, zinazoiacha nje kwenye kijineno. Kiswahili kwa sehemu kubwa kinakaa upande wa Kihispania.

Ndiyo maana kosa hili linatupata sisi zaidi. Mkono unaandika "get", moyo unatulia kwamba kitenzi kimeshapatikana, halafu kijineno kinawekwa kama chumvi ya kuonja, chochote kilicho karibu. Fanya kinyume. Chagua kijineno kwanza, kwa uangalifu wote ulio nao, maana hicho ndicho "panda" na "shuka" ya Kiingereza.

Sasa, in au on?

Nianze na kilicho rahisi kukumbuka. Chombo ambacho ukiwa ndani yake unaweza kusimama na kutembea, Mwingereza anatumia "on": basi kubwa, treni, ndege, meli, kivuko. Chombo kinachokulazimisha uiname, ujikunje na ukae papo hapo ulipoingilia, anatumia "in" au "into": gari dogo, teksi, bajaji, kabini ya lori, mtumbwi. Na kile unachokikalia kwa kutanua miguu, baiskeli, bodaboda, punda, farasi, ngamia, ni "on" kwa sababu iliyo wazi: uko juu yake.

Watu hushangaa kwa nini basi liwe "on" wakati abiria yuko ndani kabisa, kafungiwa na vioo. Ni lugha ya baharini iliyokuja nchi kavu. "Board" kwa Kiingereza cha zamani ni ubao, na pia ubavu wa meli; aliyekuwa melini alikuwa "on board". Treni zilipokuja, pamoja na mabasi ya kukokotwa na farasi kama yale ambayo George Shillibeer aliyaanzisha London tarehe 4 Julai 1829, mazungumzo ya abiria yalikuwa yameshazoea meli. Wala si Waingereza peke yao. Neno letu "abiria" lina mzizi wa Kiarabu wa kuvuka, na "chombo", ambacho mtu wa pwani akikitaja anafikiria jahazi, leo trafiki anakitumia kwa Fuso na Bajaji anaposema "chombo cha moto".

Ukichagua, shikamana na uchaguzi wako mpaka mwisho wa safari. Aliye-"get on" basi atakuwa "on the bus" njia nzima, na atamaliza kwa "get off". Aliye-"get into" gari atakuwa "in the car", na atamaliza kwa "get out of". Mimi hujipima kwa simu. Fikiria mtu kapigiwa simu anaulizwa yuko wapi. "I'm on the bus." "I'm in the car." Hakuna anayejibu "I'm on the car", labda awe amekaa juu ya boneti. Na hiyo ndiyo picha iliyomjia mwanasheria aliposoma "got on the car": mdai wako kadandia paa. Kampuni ya bima nayo ikiona hivyo, itauliza kwa nini ilipe fidia ya mtu aliyekuwa akisafiri juu ya gari.

Lakini kosa la kwanza kabisa kwenye sentensi ile si "on". Ni "car". Kwa Kiswahili cha kila siku, Mwanza na kwingineko, "gari" ni kila kitu: basi ni gari, Noah ni gari, Fuso ni gari, hata ile pikapu ya kubebea mchanga ni gari. Mdai akikwambia "nilipanda gari", hujajua bado alipanda nini, na usipojua alipanda nini huwezi kuchagua kijineno. Muulize papo hapo. Wewe unajua ilikuwa Hiace, kwa hiyo andika "minibus". Je, Hiace ni "on" au "into"? Kwa kanuni ya kusimama ingekuwa "into", maana kichwa lazima kiiname. Ila kwa sababu inapita njia yake, ina vituo na inatoza nauli, Mwingereza anaihesabu kama basi, anasema "got on the minibus". Ukiandika "got into" hujakosea. Mimi ningechagua "on", na kutoka hapo ningeandika "off" tu, nisichanganye.

Lori linastahili kusimamiwa kidogo, kwa sababu naamini utalikuta mara nyingi kwenye kazi yako. Mtu akisema "nilipanda Fuso kutoka mnadani", kuna mambo mawili tofauti kabisa. Akiwa alikaa mbele na dereva, andika "he got into the lorry", au "he climbed into the cab" ukitaka isibaki shaka. Akiwa alikaa nyuma, kwenye bodi, juu ya magunia, andika "he climbed onto the back of the lorry". Kiswahili kimewaweka wote wawili kwenye "alipanda". Kiingereza kimewatenganisha kwa kijineno kimoja, na tofauti hiyo inaweza kuamua kama mtu alikuwa abiria anayetambuliwa na hati ya bima au la.

Off, out, na ile "from" isiyo na kazi

Umeandika "getting off from the car". "Off" imeshabeba "from" tumboni mwake, haihitaji nyingine. Ni "got off the bus", basi. Marekani utasikia watu wakisema "off of". Iache ibaki kwenye mazungumzo, isikanyage karatasi yako.

"Out" iko kinyume. Ukitaja chombo, "out" inadai "of": "she got out of the taxi". Usipokitaja, "of" inaondoka: "she got out". Wengi wanaandika "got out from the taxi", wakiwa na "kutoka" ya Kiswahili kichwani. Najua inavuta. Ikatae.

Na "get down from the bus"? Kijineno hiki kinatoka moja kwa moja kwenye "teremka". Kwa Kiingereza cha kuandika, "get down" kiweke kwa mti, ngazi, ukuta, kitu ambacho kimo chake ndicho kinachosumbua. Dereva wa lori refu anaweza "climb down from the cab", kwa sababu kweli anashuka ngazi mbili tatu. Abiria wa Hiace hapana.

Konda "alimshusha"

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo palipo hatari.

"Dropped him", katika habari ya mtu aliyeumia, inasomeka kwamba konda alikuwa amembeba mtu mikononi akamwachia akaanguka. Mama aliyemwangusha mtoto "dropped the baby". Kweli, Waingereza husema "drop me at the corner", yaani unishushe pale kona, na hakuna anayevunjika mguu, kwa sababu mahali pametajwa pale pale na hakuna majeruhi kwenye habari. Kwenye maelezo ya ajali usitegemee huruma hiyo. Weka "off": "dropped him off". Nasi huku tuna zoea la kusema "I dropped at Nyakato" tukimaanisha nilishukia Nyakato. Kwa Mwingereza huo ni mwanguko: ulidondoka, na ilitokea Nyakato. Andika "I got off at Nyakato".

Hata hivyo "dropped off" inamkaa vizuri zaidi dereva wa teksi, au rafiki aliyekupa lifti. Konda wa daladala "lets you off": anagonga bodi, gari linasimama, unashuka. Kabla hujaandika hivyo, nenda nyuma umuulize mdai wako alikuwa na maana gani aliposema "alinishusha". Neno letu hili ni pana. Konda anayesimamishia abiria gari mahali alipoomba amemshusha, na konda aliyegombana na abiria kwa sababu ya mia tano ya nauli akamtoa njiani naye amemshusha. Wa kwanza "let him off". Wa pili "made him get off", na kama alimvuta kwa mkono ni "pulled him off the minibus". Mbele ya bima hizo ni habari tatu.

Nikiwa hapa hapa, jambo dogo la mpangilio. "Pick up" na "drop off" zinakubali mtu aingie katikati, na akiwa kiwakilishi ni lazima aingie: "picked him up", "dropped him off", kamwe si "picked up him". "Get on" na "get off" za kupanda na kushuka hazikubali: "he got on it", si "he got it on". Sababu ni kwamba kwenye "pick up" kijineno kimefungwa kwa kitenzi, na kwenye "get on the bus" kimefungwa kwa basi.

Pikipiki iliyoshuka kutoka garini

Soma tena sentensi yako ya tatu: "While getting off from the car, a motorcycle hit him." Kwa sarufi ya Kiingereza, anayefanya jambo la nusu ya kwanza ni yule anayefungua nusu ya pili. Aliyefungua ni pikipiki. Kwa hiyo pikipiki ndiyo iliyokuwa ikishuka. Kiswahili hakitupi taabu hii: ukisema "wakati anashuka, pikipiki ilimgonga", ngeli inatenganisha, a- ni mtu na i- ni pikipiki, hakuna atakayechanganya. Kiingereza hakina ngeli za kukuokoa. Mtaje mtu: "He was getting off the minibus when a motorcycle hit him."

Na sasa nyakati. Hapa ndipo Kiswahili chako kinakupa utajiri ambao usiumwage njiani. Mdai anaweza kusema "nilikuwa nashuka", au "nilikuwa nimeshashuka". Mtoto wa darasa la pili anajua tofauti. Ya kwanza ni "I was getting off". Ya pili ni "I had got off", au kwa Mmarekani "I had gotten off", na ukitaka ile ya "ndiyo kwanza nimeshuka" unaongeza "just": "I had just got off". Wengi wetu tukifika kwenye Kiingereza tunazimwaga zote kwenye "I got off".

Hilo lina uzito kiasi gani? Sheria ya barabara ya Uingereza ya 1930, ilipoeleza bima ya lazima ya magari, iliwataja abiria kwa maneno haya: watu wanaobebwa "in or upon" chombo, au "entering or getting on to or alighting from" chombo hicho, wakati tukio linapotokea. Maneno ya ukoo huo huo yamo kwenye sheria ya bima ya magari ya Kenya, Sura ya 405, na usishangae ukiyakuta kwenye hati zilizo mezani kwako. Watunga sheria walihesabu vijineno kimoja kimoja: "in" kwa gari, "upon" kwa pikipiki au juu ya bodi ya lori, "entering" kwa anayeingia, "getting on to" kwa anayepanda, "alighting from" kwa anayeshuka. Aliyeshuka tayari hayumo kwenye orodha hiyo. Yeye ni mtembea kwa miguu aliyegongwa barabarani. Tofauti ya "-na-" na "-mesha-" ndiyo inayomhamisha mtu wako kutoka kundi moja kwenda jingine, na anayeichagua kwenye karatasi ni wewe.

Nani alikimbia?

"The driver got off and ran away." Wewe ulimaanisha dereva wa bodaboda. Msomaji wa Kiingereza anasoma "the driver" anamkumbuka dereva wa Hiace, kwa sababu wa pikipiki huitwa "rider". Halafu anakutana na "got off", ambayo inamfaa mtu aliyekuwa juu ya pikipiki, maana dereva wa Hiace angekuwa "got out". Neno moja linamwelekeza huku, kijineno kinamwelekeza kule. Ungeandika "the rider got off", mambo yangekaa sawa.

Uwe macho pia na "got off" isiyotaja chombo. Kwenye habari za polisi na mahakama ina maana nyingine kabisa: kuachiwa bila adhabu, au kuponea adhabu ndogo. "The driver got off with a fine" maana yake dereva aliponea faini tu. Ukiandika "the driver got off" na sentensi ikaishia hapo, mwanasheria atadhani kesi imeshaamuliwa. Taja chombo kila inapowezekana.

Board na alight

Swali lako la pili. Hapana, usiikimbie "get". Ni Kiingereza kizuri cha maelezo, kinaeleweka na kila mtu, na shahidi akisomewa maneno yake mwenyewe atayatambua. "Board" na "alight" ni sahihi lakini ni za ofisini na za vipaza sauti. Kwenye treni za chini ya ardhi za London abiria hutangaziwa "alight here for" mahali fulani, lakini wakiongea wao kwa wao wanasema "get off here". Kwetu Afrika Mashariki "alight" imekuwa ya mdomoni zaidi kuliko kwao, na sioni kosa katika hilo.

Ukiamua kuzitumia, zijue tabia zake, maana zinatofautiana na zile za "get". "Board" haitaki kijineno: "he boarded the bus", bila "on" wala "into". "Alight" inataka "from": "he alighted from the bus". "Enter" nayo imekuja na Kifaransa, na mwendo umo ndani yake kama "ingia" yetu, kwa hiyo "he entered the taxi" inatosha. "Enter into" iachie mikataba: watu wawili "enter into an agreement", wanaingia mkataba. Vitenzi vya namna hii, vyenye mwendo ndani yake, ndivyo vinavyofanana na Kiswahili, na nadhani ndiyo sababu tunavipenda.

Ushauri wangu: simulizi ya mdai iandike kwa "got on" na "got off". Pale unaponukuu au kugusa maneno ya hati ya bima, tumia maneno ya hati, "alighting from". Usiweke "boarded" mstari wa kwanza na "got out from" mstari wa tatu, kama nguo ya viraka.

Kivuko, na gari lililogeuka kituo cha mafuta

Hukuuliza, lakini uko Mwanza, kwa hiyo siwezi kuliacha hili. Kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa mwaka 2025, magari mengi ya kwenda Sengerema yalisubiri kivuko pale Kigongo, na bila shaka bado una mafaili ya siku hizo. "The lorry drove onto the ferry": lori lilipanda kivukoni. "The lorry drove on to Sengerema": lori liliendelea na safari hadi Sengerema. Nafasi moja kati ya "on" na "to" imebadili kila kitu. Kwenye ya kwanza maneno mawili yameungana kuwa kijineno kimoja cha kupanda. Kwenye ya pili "on" ni ya kuendelea na "to" ni hadi. Waingereza wengine huandika "on to" hata kwenye maana ya kupanda, kama ile sheria ya 1930, lakini wewe andika "onto" kwa kupanda ili msomaji asisimame kufikiri.

"Into" nayo ina mtego wake. "The bus turned into a petrol station" inaweza kusomeka kwamba basi liligeuka likawa kituo cha mafuta, kama kwenye hadithi za bibi. Kwa barabara haina shida, "turned into Nyerere Road" inaeleweka. Kwa kituo, andika "pulled in at a petrol station".

Karatasi yako, upya

Mimi ningeiandika hivi:

"The claimant got on a passenger minibus, a Toyota Hiace, at Igoma. At Buzuruga the conductor stopped the minibus to let him off. He was getting off when a motorcycle hit him. The motorcycle rider got off and ran away."

Imeongezeka maneno machache tu, na kila mtu yuko mahali pake. Lakini usiinakili bado. Sentensi ya pili nimeiandika kana kwamba konda alisimamisha gari kwa hiari, na ya tatu kana kwamba mdai alikuwa bado anashuka, kwa sababu hivyo ndivyo ulivyoelekea kumaanisha. Kama alikuwa ameshashuka, ya tatu iwe "He had just got off when a motorcycle hit him". Mpigie simu leo, kwa Kiswahili, umuulize: konda alikushusha kwa sababu ulisema "shusha", au alikutoa? Na pikipiki ilipokugonga, mguu wako mmoja ulikuwa bado mlangoni, au yote miwili ilikuwa chini?